Uzi wa Padri na Wakwe wa Lubondja

Watu wa kwetu Lweba wakitaka kunichokoza, mpaka leo wananiuliza kama nilishamaliza kukunja uzi. Nawajibu kwamba nilimaliza, asante, na wao wamalize chai yao waende. Nina hasira za karibu, sikatai. Nilizirithi kwa mama, na mama anasema mimi sikuzirithi kwa mtu yeyote.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya nchini kwetu. Askari walioshika upande wetu wa ziwa walikuwa wametoa amri: hakuna mtumbwi kutoka, mchana wala usiku, kwa sababu maadui wao walikuwa wanavukia majini. Mitumbwi ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ikalala mchangani mpaka mbao zikapasuka kwa jua. Kijiji kizima cha wavuvi kikawa kinakula sombe huku kinatazama maji mlangoni. Unasikia samaki wanaruka, na wewe unatwanga majani ya muhogo. Mimi ziwa nililichukia wakati ule.

Na ni wakati huohuo wakwe zangu walipotuma salamu kwamba wanakuja kunichukua.

Mchumba wangu alikuwa mkulima wa Lubondja, juu milimani. Tulionana sokoni Baraka, yeye ameleta muhogo, mimi nauza ndagala za mama, tukapendana katikati ya vumbi na kelele, na wazee wetu wakasikilizana kabla vita haijatufikia. Arusi iliahirishwa tulipokimbia sisi, ikaahirishwa tena walipokimbia wao. Kwao mwenye neno la mwisho alikuwa shangazi yake, mjane ambaye hakuwahi kuniona na alikuwa ameshanichoka. Alisema wasichana wa kando ya ziwa ni wavivu, wanakaa mchangani kungoja mtumbwi uwaletee chakula, jembe wanalijua kwa jina tu. Kwa mjumbe wao akatuma maneno yake mwenyewe: "Mi nitakuja, nitakula samaki ya ziwa, na pale nitajua kama ile ni nyumba ya bantu," yaani ya watu wanaojiheshimu.

Mama aliposikia hivyo alikaa chini. Kuwapa wakwe wa milimani sombe, majani waliyoyaacha nyuma ya nyumba zao, ilikuwa kama kuwaambia warudi walikotoka. Nami nilimtaka yule kijana. Nalisema sasa kwa sababu wakati ule sikuruhusiwa kulisema: nilimtaka mpaka usingizi ukanikimbia.

Ndipo baba akaikumbuka fimbo ya padri.

Kulikuwa na padri mmoja mzungu aliyependa kuvua juu ya mawe siku za Jumamosi. Vita ilipoanza aliondolewa haraka, na akamwachia baba fimbo yake, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa akimtengenezea mtumbwi wa misioni. Hakupata nafasi ya kumwonyesha inavyotumika. Ilikuwa fimbo nyembamba, na chini yake kimefungwa kidude cha chuma cha kuzungusha, ambacho padri alikiita muline. Kina bobini ya uzi inayotazama mbele, na waya uliopinda kama mkono wa ndoo. Ukiufungua ule waya, uzi unatoka. Ukiufunga na kuzungusha, uzi unarudi. Kwa maneno ni rahisi sana. Baba alikuwa amevua maisha yake yote kwa wavu na taa, na kile kidude alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa wenyewe.

Amri ilikataza mitumbwi. Haikusema kitu juu ya mzee anayesimama mchangani na fimbo. Hata hivyo baba alikwenda kumwuliza askari wa zamu, na askari akaigeuza muline huku na huku, akaizungusha, akaizungusha tena kwa sababu ilimfurahisha, akasema haoni silaha hapo.

Uzi wa padri ulikuwa umechakaa. Baba akaweka mpya, nailoni imara aliyokuwa ameificha darini, na balaa likaanzia hapo. Baba yangu alikuwa mkarimu. Kwetu sokoni kopo la ndagala linajazwa mpaka linaota kichwa, halafu juu ya kichwa unatia matabishi, ile nyongeza ya bure. Ukipima sawasawa na mdomo wa kopo, wateja watakusema mpaka kanisani. Basi na bobini akaijaza vivyo hivyo. Uzi ukafika ukingoni, ukapita ukingo, ukatoa kitambi. Tena aliukunja umelegea, huku anapiga soga na jirani. Alipomaliza alifurahi kweli. "Hapa hakuna uchoyo," akasema.

Alitupa mara ya kwanza mbele ya nusu ya kijiji. Mwisho wa uzi alikuwa amefunga kipande cha bati kinachong'aa, chenye ndoano, nacho kiliondoka vizuri. Kisha uzi wote wa juu ukaruka kwa pamoja, ukasimama hewani, ukaanguka rundo miguuni pake, na bati likarudi kumtafuta jirani begani. Watu walicheka mpaka wakashikana. Tulikuwa hatujacheka hivyo tangu turudi kutoka mafichoni, na nadhani baba alilijua hilo, maana hakukasirika hata kidogo.

Kesho yake ilikuwa hivyohivyo. Anatupa mara moja, anakaa kufungua mafundo mpaka mchana unakwisha.

Mimi nilikuwa ndani. Kwa mama, bibi arusi anayengoja wakwe hatoki: anapakwa mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za mchikichi, anakaa mkekani kufuma vitambaa vya meza. Nilifuma, na kutoka mchangani nikasikia kicheko, halafu kicheko kingine. Wao walikuwa wanastarehe. Mimi kila kicheko nilikihesabu kuwa samaki ambaye shangazi hatamla, na sindano ilinitoboa kidole kwa hasira.

Jioni baba akaingia na rundo lake, akaliweka mbele yangu bila kuniangalia.

"Mama," akasema, maana jina langu ni la mama yake, "weye iko na vidole vidogo. Unifungulie hii."

Nikafungua, na katika kufungua nikauona ugonjwa wenyewe. Mtu anayefuma anajua: uzi ukikunjwa umelegea, mzunguko wa juu unazama chini ya wenzake, na ukiuvuta unakuja na ukoo wote.

"Nani alikunja hivi?" nikauliza.

"Ni mimi."

"Baba, hii hata mutoto ya darasa la kwanza angeona haya."

Mama akanipiga kofi la mgongo. Sikunyamaza. Nikamwambia baba azungushe, nami nikaubana uzi kwa kitambaa kibichi kati ya vidole viwili, upite kwa taabu. Ukalala kwenye bobini umekaza, mzunguko kando ya mzunguko. Kabla haujafika ukingoni nikasema basi.

"Nafasi yote hii tunaiacha?" akauliza baba. "Bantu watasema tuna njaa."

"Iache."

Akaiacha, lakini roho ilimuuma. Usiku ule alisema tena juu ya ile nafasi.

Siku ambayo wakwe walisema watafika jioni, baba alitoka mapema, na safari hii bati lilikwenda mbali, uzi ukiufuata bila kelele. Nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa dirisha. Nikataka kushangilia. Halafu nikamwona anaanza kuzungusha hapohapo, uzi bado umelala juu ya maji, na ule ulegevu wote unaingia kwenye bobini. Nikajua tunarudi kwenye mafundo. Mama alikuwa amekwenda kuazima sahani. Nikavua kitenge cha bibi arusi, nikafunga cha zamani, nikashuka mchangani huku nikizungumza peke yangu.

Nikamwonyesha: bati likianguka, funga waya kwa mkono, vuta uzi kwa vidole mpaka uusikie umekaza, ndipo uzungushe, na unapozungusha, kidole kisiuache.

"Shika weye, basi," akasema baba, naye amechoka kufundishwa na binti yake mbele za watu.

Nikashika. Nikatupa. Nikafunga, nikakaza, nikaanza kuzungusha, na kitu kikaishika fimbo upande wa pili kikaondoka nayo. Nikaingia majini mpaka kiunoni bila kupenda. Nikazungusha kama kichaa, na muline ikalia tu bila kurudisha hata shubiri moja.

"Usizungushe akivuta," baba akasema nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, maana sasa tumefika kwenye kazi anayoijua. "Unausokota bure. Akivuta, muachie kwa taabu. Akikuja, umufuate. Uzi usilale."

Nikaubana uzi kwa kidole. Nailoni ikanikata, nikaona damu, sikujali. Samaki akaenda, akarudi, nikamfuata, na mara moja mgongo wake ukaonekana: kuhe, mkubwa, wa kuwalisha wakwe wakasahau milima.

Hapo nikageuka, nikawaona. Walikuwa wanashuka njiani na vikapu vichwani, wazee tu, mchumba wangu amebaki kwao kungoja, wamefika kabla ya saa yao kwa sababu walitembea bila kupumzika wakiogopa vizuizi. Mbele yao mama mmoja mrefu, mkavu, na mkongojo wake: shangazi. Na kutoka upande wa pili mama yangu, na sahani za watu mikononi. Nilikuwa nimelowa mpaka kifuani, kichwa wazi, mdomo wazi. Mama alinitazama kwa macho ya kuniambia nitoweke. Ningekimbia, uzi ungelegea, na samaki anangoja hicho tu ateme ndoano. Sikukimbia.

"Ule ni nani?" nikamsikia shangazi.

"Ule?" akasema mama. "Ule ni mutoto ya jirani. Akili yake haiko sawa. Bibi arusi iko ndani, anapumuzika. Karibuni, mukaribie."

Kuhe alipofika mchangani baba alimwangukia kwa mwili wote. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo. Jirani akaniogesha, akanipaka mise tena, akanifunga kidole kwa kitambaa, akanifunika kitenge kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikaketi mkekani kimya, mtu mwenye adabu zake.

Wakwe wakala. Shangazi alipewa kichwa, akakishughulikia polepole mpaka kikabaki mifupa mitupu. Akanawa. Akakohoa.

"Tumekula," akasema. "Hii ni nyumba ya bantu. Lakini mi sitaficha kitu. Huyu bibi arusi mi simujui, naona kitenge tu. Ule mutoto ya jirani, ule nimemuona na macho yangu. Samaki inamuvuta, muzee anamusemea mugongoni, damu inamutoka, na hakuachilia. Mi natafuta mutu ya vile. Akili kama haiko sawa, tutaitengeneza kule kwetu. Alishachumbiwa?"

Wazee wa Lubondja wakatazama chini. Baba akaanza kukagua nyasi za paa. Mimi ndani ya kitenge nilitoka jasho. Niliposwa, nikakataliwa, nikaposwa tena, yote mbele yangu, na mtu aliyeninyang'anya mume alikuwa mimi. Mungu anisamehe, yule mtoto wa jirani nilimchukia kabisa.

"Ule," akasema mama, "ule alishachumbiwa."

"Na nani?"

Mama akaanza kupanga sahani za kuazima. Akisema kweli, yeye ni mwongo mbele ya wakwe. Asiposema, wanaondoka bila mimi, na njia ya Lubondja ilikuwa inaweza kufungwa siku yoyote. Nilingoja aseme. Bibi arusi hasemi. Nilingoja mpaka nikachoka, ndipo nikautoa mkono chini ya kitenge, nikakifungua kile kitambaa, nikamnyooshea shangazi kidole.

Akakishika. Akakiangalia palipokatika. Akakinusa, na mise yote ile ilikuwa haijaishinda harufu ya samaki. Kisha akanifunua kichwa, akanitazama usoni kwa muda mrefu, mjane yule ambaye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameficha binti zake wawili porini kabla ya kuja.

"Mama," akamwambia mama yangu, polepole, "batoto tunabaficha juu ya kuogopa baaskari. Sisi ulitufichia huyu juu ya kuogopa nini?"

Mama akashika uso kwa mikono yote miwili na kulia. Shangazi hakumngoja amalize. Akamega ugali, akachovya, akaweka juu yake nyama ya tumbo la kuhe, ile laini aliyokuwa amejiwekea pembeni, akanitia mdomoni yeye mwenyewe. Bibi arusi hali mbele ya wakwe. Nilitafuna nikiwa uso wazi, machozi na mchuzi vikinishukia kidevuni, nikameza, nikafungua mdomo tena.