Mama wa deki aliyeningoja nitaje jina langu

Wakuu, salaam aleikum na hamjambo nyote. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Hapa naandika vizuri, lakini nikifungua mdomo ni habari nyingine.

Mwaka jana niliitwa intavyu ya ualimu, shule moja ya binafsi Ganjoni. Nilikuwa nimeshaanguka mbili. Ya mwisho, mtu mmoja kwenye jopo alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi nashinda nyumbani Kibokoni, naogopa hata kupokea simu.

Asubuhi hiyo shati lilishalowa jasho kabla sijafika.

Askari wa getini akauliza, "Jina?"

Naitwa Twalib. Hiyo T, wakuu, ndiyo adui yangu. Ikakwama. Nyuma yangu wazazi wamepanga foleni, mmoja anatazama saa. Askari akaninyooshea kalamu: "Basi andika tu."

Nikawaza, kama getini ni hivi, mbele ya jopo itakuwaje? Nikageuka niende zangu.

Mama mmoja alikuwa akipiga deki barazani. Akaweka ndoo chini, akamwambia askari, "Muache, atalisema." Kisha kwangu: "Usiende, mwanangu. Mimi nakungoja."

Akangoja kweli. Hakunimalizia neno. Hakunitazama kwa huruma pia (hiyo huruma huumiza, niamini). Alisikiliza tu.

Jina likatoka.

"Haya Twalib, ingia na kheri," akasema, akarudi kwenye deki lake.

Ndani moyo ulinidunda vile vile. Lakini kabla ya swali la kwanza nikawaambia, "Nina kigugumizi. Naomba mningoje nimalize." Sikuwahi kuomba hivyo maishani. Wakangoja. Nilikwama mara nyingi mno, ila kila jibu nililimaliza.

Kazi nilipata. Siku ya kwanza nikamtafuta yule mama, Bi Mwanaisha, nimshukuru. Akanikodolea macho.

"Mimi? Lini hiyo?"

Hakumbuki kabisa! Nikamshukuru vivyo hivyo.

Nilichojifunza: neno unalolisahau kabla ya chakula cha mchana, mwenzako anaweza kuishi nalo miaka. Kwa hiyo liseme.

Mpaka leo naogopa kabla ya kila kipindi. Lakini naingia darasani.

Nanyi wakuu, ni nani aliwahi kuwatia moyo wakati mnataka kukimbia? Andikeni hapo chini, nitasoma zote.