Mwimbaji Kabatini

"Toka kabatini, Ruprecht! Mwanamume mzima unajificha kwenye makoti!"

"Punguza sauti, Gesine. Barua isiponifika mkononi leo, nimebaki jukwaani mpaka nizeeke."

Ruprecht, mtoto wa mwoka mikate, alikuwa ameimba teno, sauti ya juu ya kiume, katika jumba la opera la mji wetu miaka kumi na minne. Akiingia wa kumi na tano, kwa sheria hakuna wa kumwondoa tena, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kumpa barua. Ndiyo maana meneja alikuwa akimsaka tangu asubuhi na barua ya kumwachisha kazi. Gesine alikuwa amemwambia mlangoni kwamba mumewe yuko Bremen kwa dada yake.

"Lakini heri uache tu," Gesine alisema. "Ile sauti ya juu kabisa huipati siku hizi. Unapiga mluzi kama birika."

"Birika? Mimi?"

Kabati likafunguka kwa kishindo. Ruprecht akavuta pumzi hadi vifungo viwili vya shati vikaruka, akaiachia ile sauti ya juu. Vikombe vikacheza mezani, njiwa wa kanisani wakahama, na paka wa jirani hajaonekana hadi leo.

"Haya sema sasa, mke wangu! Birika gani linaweza—"

Mlango ukasukumwa. Meneja akaingia, kofia kwapani, bahasha mkononi.