Televisheni Chini ya Blanketi

Mimi ni mtu wa kujiamini, na ndiko kulikoniponza. Tangu mgongo uniharibikie kazini ghalani, naishi kwa pesa ya serikali, na faini za kuegesha gari nilizopigwa na kaunsili, yaani halmashauri ya mji, zikageuka deni. Barua ikaja kwamba afisa atafika nyumbani kukamata vitu. Sikutetemeka. Nilimbebesha mume wangu televisheni kubwa na kinanda chake, nikavificha chumbani chini ya blanketi.

Jumamosi hiyo kanisa letu hapa Blacktown, ughaibuni tunakoishi, lilikuwa limeahidi kutuma mtu wa protokole, mmoja wa wale wanaopokea wageni mlangoni, aje kuombea nyumba. Kengele ikalia. Nje alisimama mwanaume Mkenya, shati la bluu, beji kifuani, mtu wa protokole kabisa.

"Habari, Mama. Nimekuja kuhusu..."

"Najua, ndugu. Kula kwanza."

Sisi Wakongo mgeni hatumwachi aongee na njaa. Akajaribu tena kujieleza, nikamwekea andazi la pili. Mara ya tatu nikamshika mkono, nikampeleka chumbani na andazi lake.

Nikafunua blanketi. "Na hivi uviombee. Nimevificha kwa sababu kuna mtu anatumwa kuja kuvibeba. Omba apotee njia."

Aliitazama televisheni, akalitazama andazi mkononi, akameza alichokuwa anatafuna. Kisha akaivuta beji yake karibu na macho yangu nisome.

"Mama," akasema kwa upole, "sikupotea."