Usukani Mgumu wa Mwalimu Hiza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya shamba la mkonge karibu na Mazinde, Msimamizi wa Karakana alinipokea kwa ufagio. Nilimwamkia, nikauegemeza ufagio ukutani, nikamweleza kuwa barua yangu inasema fundi wa pikipiki. Akasema hajawahi kuwa na fundi mwanamke. Nikamjibu kwamba leo amempata. Hadi kengele ya kutoka nilikuwa nimefungua klachi ya pikipiki ya mnyapara, nimebadilisha sahani zake na kuifunga.

Baada ya miaka saba nilihamia Korogwe mjini, kwenye gereji ya mtu tuliyemwita Fundi Mkuu. Alikuwa na mkono mzuri kwa injini, hilo simnyimi. Kasoro yake ilikuwa moja: kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kukosea.

Mwalimu Hiza alifundisha Vugiri, kule mlimani. Pikipiki yake aliiunda upya mwenyewe. Aliurefusha uma, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, akaupandisha usukani hadi mikono yake ikawa usawa wa mabega. Watu walimcheka; mimi niliipenda. Ilipoanza kuyumba mbele alimletea Fundi Mkuu, naye akaukaza usukani. Wiki ileile, Mwalimu akiteremka mlimani na mkewe nyuma, usukani ulikataa kukata kona. Wakaangukia mtaroni, mkewe akavunjika mkono.

Pikipiki ikarudi kwetu. Fundi Mkuu hakuigusa. Alitamka tu kwamba kosa ni la uma mrefu, ukatwe. Alipokwenda kula, niliikagua.

Usukani ukiwa mgumu, usikimbilie kukata chuma. Pima kwanza upepo wa tairi la mbele, maana tairi laini huufanya mzito. Kisha fuata waya za klachi na mafuta: usukani ukipandishwa, waya fupi huvutika kwenye kona. Huku kote kulikuwa salama. Hapo ndipo unanyanyua gurudumu la mbele kwa jeki na kuusukuma usukani kwa kidole. Ukibaki mgumu, ugonjwa uko shingoni, pale usukani unapozungukia. Huu ulibaki mgumu, tena ulinasa katikati. Nilipofungua, nati ilikuwa imekazwa kupita kiasi, na golori za chuma zimechimba vishimo kwenye kikombe kinachozishika. Nati ile ilikazwa na mtu mmoja tu.

Mchana Mwalimu alikuja na mkewe, mkono wa mama ukiwa kwenye plasta. Fundi Mkuu akaanza habari za uma. Nikaweka kile kikombe mezani mbele yao.

"Uma hauna kosa," nilisema. "Nati ya shingo ilikazwa mno. Hapahapa kwetu."

Fundi Mkuu alinigeukia taratibu. "Binti, sema ni uma, au kusanya spana zako."

Yule mama alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

"Si uma, mzee," nikasema, nikaanza kukusanya.

Nilifika Handeni nikiwa na sanduku la spana na sifa ya ukorofi. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeniletea hata pancha. Kisha Mwalimu Hiza akaja, pikipiki ikiwa nyuma ya pikapu. Niliweka beringi mpya na grisi, nikakaza nati mpaka mchezo, yaani ule mtikisiko wa shingo, ukaisha, halafu nikailegeza kidogo sana, hadi usukani ukaanguka upande wenyewe kwa uzito wake. Hicho ndicho kipimo.

Mkewe alikataa kupanda nyuma ya mumewe. "Niendeshe wewe, fundi," alisema. "Nikishuka mzima, nitapanda naye."

Nikampeleka barabara ya Korogwe, kona zote, tukarudi. Alishuka akicheka. Kuanzia hapo sikukosa kazi.

Fundi Mkuu aliwaambia watu kwamba nilimvunjia heshima. Ndiyo, nilimvunjia. Alikuwa tayari kuukata uma mzima wa mtu ili afunike nati moja.

Sasa nimestaafu, vidole havishiki tena spana. Juzi mafundi wa hapa Handeni walinialika nizungumze na wanafunzi wao, wakaniomba nieleze jinsi nilivyovumilia miaka yote ile katika kazi ya wanaume. Nilisimama, nikawaambia sikuvumilia.