Njuga za Maganda ya Risasi

Iko siku moja hainitoki, mwanangu. Hata leo, nimekaa zangu hapa Thamesmead, Landani, karibu na hita, chai ya tangawizi mkononi, kikianguka kitu cha shaba sakafuni moyo wangu hushtuka kabla ya masikio.

Nakwambia haya kwa sababu juzi uliingia na mfuko wa maganda ya risasi uliyoyaokota huko nje ya mji, kwenye uwanja wa shabaha, ukautua juu ya meza ninayokatia mboga. Ukanieleza kuwa wako watu huyasafisha wakayajaza baruti upya, na yaliyopasuka huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma kuukuu. Nikakwambia uutoe mezani ukanawe, ukadhani bibi hayajui mambo hayo. Mwanangu, mimi maganda hayo nimeyafagia baba yako akiwa bado anakwenda tata.

Nilikuja Landani kumfuata babu yako Rajabu, Mungu amrehemu, aliyekuwa kondakta wa basi. Shule mimi sikusoma ya maana. Kazi niliyoipata ni ya kusafisha. Palikuwa na ukumbi wa kulenga shabaha, uko chini ya ardhi, hauna dirisha. Wanachama huja jioni, wanapiga, wanakwenda zao. Asubuhi tunaingia sisi. Msimamizi akiitwa Derek, mzungu mrefu mwenye mguu unaomsumbua, na mwenzangu wa kazi alikuwa Bi Mwanakombo, mtu wa Lamu, umri wa mamangu mzazi. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ile.

Bi Mwanakombo alikuwa na utaratibu wake. Hagusi ufagio mpaka amenyunyiza maji sakafu nzima. Maganda anayaokota kwa glavu. Viatu vya kazi haviendi nyumbani, na koti la kazi haliendi nyumbani. Tena hanywi chai mpaka amenawa kwa sabuni na maji ya baridi hadi viwikoni. Mimi kijana, damu inachemka, nikimtania.

"Bi Mwanakombo, leo unafagia au unasali? Huo udhu wa mara ngapi?"

"Cheka wewe. Ukimaliza kucheka, nawa."

"Utachubuka ngozi, mamangu."

"Ngozi ni yangu. Nawa, Zaituni."

Nami nikisema naam, nikapitisha vidole chini ya bomba kama mtu anayemtia maji paka, nikakimbilia basi.

Sasa sikiliza. Maganda makubwa, yale mazima, wanachama walikuwa wakiyachukua kuyajaza tena. Yale madogo, membamba kama kidole cha mtoto, hayajaziki. Derek alituachia sisi tumuuzie Fred, mzee wa vyuma kuukuu aliyekuja na gari lake bovu. Lakini yaling'ara, mwanangu! Ukiyamwaga kwenye ndoo yanalia kama kitu cha arusi. Wahenga walisema vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu, na mimi methali hiyo nilikuwa naijua. Kuijua methali ni jambo moja, kuikumbuka siku yake ni jambo jingine.

Siku hizo baba yako Abdalla alikuwa ameanza kusimama dede. Mamangu akaniletea salamu kutoka Mombasa kwa mdomo wa Bi Khadija mke wa Shee Athumani, aliyekuja kumwona mwanawe Hounslow: mtoto avishwe njuga. Ndiyo desturi yetu. Mtoto akivaa njuga miguuni hufurahia mlio, akaongeza hatua; na mama akiwa jikoni anamjua aliko. Njuga Landani nitazitoa wapi wakati ule? Nikatazama ndoo. Nikachagua maganda madogo yaliyong'ara zaidi, nikayafunga kwenye ncha ya kanga, kanga ile ile niliyokuwa nikimbebea mtoto. Rajabu akayatoboa kwa msumari, nikayatunga kwa uzi wa katani, nikamvisha. Chi, chi, chi! Mtoto alitembea tangu kitandani mpaka mlangoni siku hiyo hiyo. Tulimshangilia mpaka jirani wa chini akagonga dari. Akichoka, hukaa akashika mguu wake akautia mdomoni, kama wafanyavyo watoto wote, anatafuna shaba huku anacheka.

Jumapili Bi Mwanakombo akaja kututembelea, na mahamri yake kwenye kitambaa.

"Hodi!"

"Karibu, karibu! Njoo umwone mjukuu wako anavyocheza ngoma."

Hakuingia. Alisimama pale pale kizingitini, ametega sikio.

"Zaituni. Huo mlio ni wa ndoo yangu."

Nikacheka. "Wallahi una masikio! Umejuaje?"

Aliyaweka mahamri chini. Chini kwenye zulia, mwanangu, mwanamke wa Lamu! Akamnyakua mtoto. "Mkasi," akasema. "Na sabuni." Akaukata ule uzi, akamsugua Abdalla miguu, mikono na midomo, mtoto analia, mimi nimesimama kama kinyago. Kanga akaitia kwenye mfuko, akaufunga fundo, akaniambia haitarudi tena mgongoni mwangu. Alipomaliza ndipo akanikalisha. Hakupaza sauti.

"Siku ya kwanza nilikwambia nini?"

"Ninawe, mamangu."

"Ukajibu nini?"

"Naam."

"Naam ya nini?"

Naam yangu ilikuwa ya adabu tu. Kwetu mkubwa akisema, mdogo huitikia. Kumuuliza kwa nini ni kama kumpima.

Akanieleza. Derek alimwambia siku alipoanza kazi kwamba risasi ikifyatuka hutoa vumbi la madini yale mazito ya risasi yenyewe, yanayotengenezewa chubwi la mshipi wa kuvulia samaki. Vumbi hilo hushika kwenye maganda, kwenye nguo, kwenye nywele. Mtu mzima linamchosha taratibu. Mtoto linamwingia kichwani, likamdumaza.

Kisha Bi Mwanakombo akafuta uso kwa mtandio, akasema neno ambalo mzee hasemi upesi. "Na mimi nimekosa. Nimekuamuru kila asubuhi, sababu nikakaa nayo mwenyewe. Nilidhani naam yako inatosha."

Kesho yake tulikwenda kliniki sote. Nesi Bridget akamtoa mtoto damu. Kungojea majibu, mwanangu, usiombe. Rajabu chakula hakikupita. Kila Abdalla akianguka, najiuliza, ni mtoto tu au ndilo lile vumbi? Kila akichelewa kuitika jina lake, nalia. Majibu yakaja: limemwingia, lakini kidogo. Asafishwe, ale vizuri, apimwe tena. Alipopimwa tena, lilikuwa limeshuka. Bi Mwanakombo alisujudu mle mle kliniki, kati ya viti, watu wanatazama.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, nikaitikia, na guu lililotaka kuvunjika halikuwa langu, lilikuwa la mwanangu.

Baadaye Bi Mwanakombo aliniletea njuga za kweli, za wanawe, alizokuja nazo kutoka Lamu. Ndizo hizo unazoziona kwenye kitasa cha mlango wetu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ni za nini, nikakwambia ni pambo. Nisamehe, ni ukumbusho wa kunawa, na sababu yake nami nilikuficha.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kuokota, kazi ya halali haina aibu, na shaba ni shaba. Lakini mfuko huo usivuke kizingiti. Viatu nje, koti nje, mikono kwanza, ndipo umbebe huyo binti yako anayekukimbilia. Na ukiambiwa jambo na mkubwa, uliza kwa nini, kwa adabu, lakini uliza. Kuuliza si ujinga. Nawe ukiwa mkubwa, usitoe amri ukaificha sababu yake.

Juzi ulinijibu, "Okay, Bibi, okay." Hiyo okay naijua, ni dada yake naam yangu. Sasa sababu unayo.

Mungu akupe riziki isiyokuja na maradhi. Mikono yako iwe ya kujenga na kubembeleza, na mwanao akue akupite kimo na akili. Na kila ukifungua mlango huu njuga zikalia, umkumbuke Bi Mwanakombo kwa dua, kisha uende bombani.