Konsentreti Mimi!

Nani kakwambia sijui Kiingereza? Nakijua, na nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari guru, hakuna mwalimu aliyenichapa! Ni lile neno moja tu lililonitia aibu, nakubali, aibu mbele ya bohari zima, lakini usicheke kabla hujasikia.

Ilikuwa wakati wa vita, tunapanga magunia Changamwe, mimi na Kombo, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, yeye kazi yake kuyapiga chapa kwa brashi na rangi nyeusi. Ijumaa anaoa, na baba mkwe kashasema, "Simwozi binti yangu mtu asiye na kazi." Basi siku hiyo akili ya Kombo yote iko kwa bibi harusi, magunia ya chumvi akayapiga chapa ya sukari, safu nzima! Msimamizi wetu, mzungu mmoja mwekundu kama pilipili, akaja anafoka, nami nikashika neno moja tu, "Konsentreti! Konsentreti, Kombo!" na kidole kinaonyesha lango.

Kombo akaniuliza, "Yakhe, asemaje huyu?"

Sasa mimi neno lile nilikuwa nimelikuta gazetini, kwenye habari za kambi za adui, watu wamefungiwa ndani ya seng'enge (muuza duka aliyenifungia sukari ndiye aliyenieleza). Damu ikanipanda. "Anataka kukufunga kambini! Kimbia!"

Hakuuliza mara mbili. Brashi huku, kofia kule, akatokomea mikokoni.

Ningenyamaza hapo yangekwisha, lakini nimwache ndugu yangu afungwe kwa ajili ya chumvi? Nikapanda juu ya magunia, wapagazi wote wakasimama, akina mama wauza mihogo wakasogea langoni, nikajipiga kifua, "No konsentreti Kombo! Konsentreti mimi!"

Mzungu akamgeukia karani. Karani wetu Daudi, Mrabai mpole, akanisogelea. "Shuka, bwana. Amesema Kombo atie akili kazini. Akusanye mawazo yake mahali pamoja, la sivyo lango lile pale."

Wallahi, kicheko kilichoanguka pale! Mama mmoja wa mihogo akapiga kelele, "Haya baba, konsentreti basi tukuone!" Nami niko juu kule, mkono bado kifuani.

Kisha mzungu akafoka tena, Daudi akanifasiria: Kombo asiporudi kabla ya king'ora cha jioni, kazi hana. Nikaruka chini, mbio. Nikamkuta kajibanza kwenye mikoko, tope hadi mapajani, hataki kutoka.

"Si wewe uliyeniambia nikimbie?"

"Toka, yakhe, nilikosea!"

"Ulikosea nini?"

"Neno!"

"Neno gani?"

Nikamburura tu. Tukaingia langoni king'ora kinalia, mzungu akalitazama tope lile, akageuka (mabega yanamcheza, nilimwona!), akamrushia brashi yake.

Ijumaa Kombo akaoa. Mimi nikabaki na jina, Konsentreti, mpaka Kisauni wananiita hivyo.

Nimeapa simfasirii mtu tena neno kabla sijamwuliza Daudi. Lakini aibu yote si yangu, siichukui! Kukusanya mawazo na kukusanya watu ndani ya seng'enge, wenyewe Wazungu wameyapa neno moja, halafu nichekwe mimi? Na wewe unayecheka, rafiki yako akionyeshwa lango kwa neno usilolijua vizuri, utamwacha asimame pale wakati wewe unatafuta maana?