Wasifu wa Mama Ulioandikwa na Simu

Siku ya tatu baada ya kumzika mama niliondoka Kikwe asubuhi bila kujua naenda wapi. Nilifunga mlango wa chumba alichougulia, nikakatiza migombani kuelekea upande wa Mlima Meru.

Kwetu maziko hayaendi bila wasifu wa marehemu. Mtu husimama kando ya jeneza akasoma: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, ameacha watoto wangapi na kila mmoja anafanya nini, aliugua vipi, nani alimuuguza. Kinachosomwa pale ndicho kinachobaki.

Kaka yangu mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ndiye aliyepewa kazi hiyo. Alikaa ndani ya gari akaitajia simu majina yetu na kazi zetu, nayo ikamwandikia kurasa mbili kabla chai haijapoa. Sikushangaa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hiyo akili bandia nimeichokonoa sana kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikiiuliza habari za nyota na volkano. Nilishangaa wasifu uliposomwa.

Jina langu kaka alilitaja bila kazi. Simu haikuacha pengo. Iliandika kwamba mimi ni mtaalamu wa utalii, niko mbali kikazi, na kwamba kila Jumapili nilikuwa nampigia mama. Kuhusu ugonjwa, aliuguzwa na familia nzima kwa upendo.

Miezi minane nilimgeuza kitandani peke yangu. Majirani walioniona nikianika mashuka yake kila asubuhi waliitikia amina, kisha wakaja mmoja mmoja kunishika mkono: pole na safari. Binamu yangu, tuliyezaliwa mwaka mmoja, akaniinamia. "Shikamoo, mtaalamu." Wenzake wakacheka nyuma ya turubai.

Nilimfuata kaka, nikamwambia mimi nilikuwa hapa.

"Najua," akasema. "Ulitaka isomweje mbele ya wachungaji? Kwamba huyu yupo yupo tu nyumbani? Mdogo wangu, simu imekuheshimu kuliko unavyojiheshimu."

Nikamwomba walau arekebishe nakala. Akasema zimeshagawiwa, na watu wamelia.

Basi nikatembea. Mchana lori tupu lililokuwa linafuata nyanya likanibeba, likanishusha karibu na Momela, jua likiwa limeshapita nyuma ya Meru. Sikuwahi kufika huko. Kulikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Mwenyewe, mama mmoja wa makamo, akafungua daftari: jina, kabila, utokako, uendako. Kwa uendako nilisema sijui, akaweka mstari.

"Kazi?"

"Nilikuwa namuuguza mama."

"Anaendeleaje?"

"Tumemzika Jumamosi."

Akanipa pole, akainamisha kichwa, akaandika kwenye safu ya kazi, polepole, kama nilivyosema: kumuuguza mama. Nikamuuliza kama daftari hilo kuna anayelisoma.

"Polisi," akasema, "wakipita." Akanipa ufunguo wa chumba namba tatu.